Sony a6400 na Olympus TG-4 ya zamani: nimezitumia zote huku Mbeya, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari za mchana. Swali linalonijia inboksi kila mara, hasa toka kwa vijana wanaotaka kuanza kupiga picha za sherehe hapa Mbeya, ni hili: nichukue mirolesi au nitafute zile kamera ndogo za kuingia kwenye maji? Mi ninazo zote mbili, Sony a6400 na lenzi yake ya 16-50 iliyokuja nayo, na Olympus Tough TG-4, zote za mtumba, na zote nazifanyisha kazi huku huku Nyanda za Juu Kusini, mvua ya Tukuyu, vumbi la Matamba, baridi la Kitulo, mchanga wa Matema. Nisiwazungushe: hela ya mteja inatafutwa na Sony, lakini picha zangu mwenyewe ninazozipenda za huu ukanda nyingi zimetoka kwenye Olympus, na sababu yake siyo ubora wa picha hata kidogo.

Kwa wasiozijua. a6400 ilitangazwa Januari 2019, ni mirolesi, yaani kile kioo cha ndani kinachoruka kwenye DSLR (zile kamera kubwa za mtindo wa zamani) hakipo, sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha, inaangalia moja kwa moja kupitia lenzi na unachokiona kwenye kitundu ni skrini ndogo. Megapikseli 24, lenzi zinabadilishwa, na bodi tupu ilipotoka ilikuwa dola 900. TG-4 ni ya 2015, megapikseli 16, lenzi haitoki, bei yake ya mwanzo dola 380. Kiwandani wanasema unaizamisha mita 15, unaidondosha toka mita 2.1, inafanya kazi kwenye baridi la hasi 10 na inabeba uzito wa kilo 100 bila kupasuka. Olympus wenyewe biashara ya kamera walishaachana nayo tangu mwanzoni mwa 2021, siku hizi zinatoka kwa jina la OM System na wameshafika TG-7, kwa hiyo TG-4 we hesabu mtumba tu.

Tuanze na kazi ya hela. Kipaimara, sendofu, harusi, mahafali, hapa hamna mjadala, TG-4 iache nyumbani. Sensa ya Sony ina eneo kama mara 13 ya ile ya TG-4 na hiyo tofauti unaiona kanisani jioni, wingu limeshafunika na taa za ndani ni tyubu mbili tatu za huku na huku. Sony unapandisha ISO, yaani kile kipimo cha kuipa kamera nguvu gizani, mpaka 3200 na picha inauzika, chenga zipo ila mteja hazioni. TG-4 ukivuka 800 tu nywele za watu zinageuka doa moja jeusi, na ukikuza kidogo sura zinakuwa zimepakwa pakwa. Halafu shela. Juani shela la bibi harusi kwenye TG-4 linaungua, unabaki na weupe mtupu hata lesi haionekani, wakati faili la RAW la Sony (picha ghafi, kamera haijaichakata) ukilishusha mwanga kwenye kompyuta ule ushonaji wote unarudi, mpaka shanga unazihesabu. TG-4 nayo inatoa RAW, sikatai, ila mle ndani hamna kikubwa cha kuokoa.

Na ile fokasi ya jicho ya Sony ndo inayonilipia kodi ya chumba. Wazazi wanaingia wanacheza, watu wanarukaruka na noti mkononi, vijana wa tarumbeta wako nyuma yao, MC kazima taa kawasha zile za rangi rangi, na kamera imemganda mtu jicho haimwachii. TG-4 we unabonyeza, inatafuta, inaenda inarudi, ikija kukamata mama mkwe kashatunza kashakaa.

Ila vijana nisikilizeni hapa. Wengi mnasema nataka mirolesi ili nyuma kulainike. Nyuma hakulainishwi na mirolesi, kunalainishwa na lenzi! Ile 16-50 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 basi (namba ya f ikiwa ndogo tundu la lenzi ndo kubwa na nyuma ndo kunalainika zaidi), utapata kaulaini fulani ka kubembeleza. Mnachokiona kwa wakubwa kinatoka kwenye lenzi kama Sony 50mm f/1.8 au Sigma 30mm f/1.4, na hiyo ni hela nyingine kabisa nje ya kamera, kwa hiyo ukipiga bajeti ya kamera peke yake ujue bado hujamaliza.

Sasa tutoke nje ya ukumbi, maana hapo ndo hesabu inageuka. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na haipigi hodi, unaacha jua linawaka Uyole ukifika kule unakuta inamwagika na watu wanaendelea na shughuli zao na miavuli kama hamna kitu. Sony wanasema bodi ya a6400 imetengenezwa kuhimili vumbi na unyevu lakini wanaandika wenyewe kwamba hawatoi uhakika wa asilimia mia, na ile lenzi ya 16-50 haijazibwa kwa ajili ya mvua. Matokeo yake mvua ikianza mi naibeba Sony kama yai, inaingia ndani ya begi, begi linaingia ndani ya nailoni (na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 hata nailoni nzuri ya kufunikia begi ni ya kutafuta), na kamera iliyofungwa hivyo haipigi picha yoyote. TG-4 iko mfuko wa koti pamoja na funguo na hela ya bajaji, naitoa na mkono uliolowa napiga nairudisha.

Kama umefika maporomoko ya Kaporogwe unajua kuna sehemu unapita nyuma ya maji. Ukisimama kule hewa yote ni manyunyu, yanakuja toka pembeni mpaka kwenye masikio, hata simu huwezi kuitumia maana skrini ikilowa inajibonyeza yenyewe. Pale TG-4 inapiga. Tatizo lake ni tone moja. Likikaa katikati ya kioo cha mbele picha nzima inakuwa na kidoa cha ukungu hapo hapo kwenye uso wa mtu, na ukifuta na shati ndo unapaka mafuta ya jasho kioo chote. Dawa ni kuichovya yote kwenye maji, unaitoa, unapiga haraka kile kipindi maji bado yametandaa sawasawa kwenye kioo kabla hayajajikusanya kuwa matone. Ni sekunde chache lakini zinatosha.

Matema ndo usiseme. Ziwa Nyasa ni maji baridi, hamna chumvi ya kuila kamera, na kwenye mawe ya upande wa kuelekea Ikombe kuna vile visamaki vya bluu vinakuja karibu mno na miguu. Unasimama maji ya kiunoni, unaweka modi ya chini ya maji ambayo inarudisha rangi, unashusha mkono na kubonyeza, huhitaji hata kujua kuogelea. Na Jumamosi kwenye soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo watu wala hawakustukii, ni kikamera kidogo, akina mama wanaendelea kubishana bei na wewe unapiga. Ukitoa Sony na lenzi yake kubwa kila mtu anakaa vizuri, anarekebisha kitenge, na mmoja atauliza unalipa shilingi ngapi. Sony unaweza kuinunulia boksi la kuzamia majini, yapo, ila mengine bei yake inaizidi kamera yenyewe, hapo mi nakuacha.

Kitulo nitaongea kidogo zaidi maana pale ndo watu huwa hawaniamini. Hifadhi ilitangazwa 2005 kwa ajili ya maua hasa, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yanachanua kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, yaani masika yenyewe, ukienda kwa maua umeenda kwa matope. Okidi nyingi za kule ni ndogo sana, ua zima halifiki ukucha wa kidole gumba. Lenzi ya 16-50 ya Sony haikamati fokasi ukiwa karibu zaidi ya sentimita 25, ua linabaki kadoa katikati ya majani. TG-4 ina modi ya hadubini, unasogea mpaka sentimita 1 toka kwenye kioo na inakamata. Sentimita moja! Unaona vumbi la chavua, unaona mguu wa mdudu aliyejificha ndani. Na hapa ile sensa ndogo niliyoiponda kanisani inageuka kuwa faida, kwa sababu sensa ndogo inatoa eneo refu la fokasi, ua lote linakuwa kali toka petali ya mbele mpaka ya nyuma, wakati kwenye sensa kubwa na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, unapata petali moja na zilizobaki zinayeyuka. Shida inayobaki ni kivuli, kwa ukaribu ule kamera yenyewe inalifunika ua. Kuna karingi kake ka kusambaza mwanga kanauzwa pembeni, mi sina, namulika na tochi ya simu kwa ubavuni. Na upepo, Kitulo ina upepo, kile kitendo cha kamera kupiga picha kadhaa zenye fokasi tofauti na kuziunganisha yenyewe kinataka ua lililotulia, sahau.

Kiangazi kuna vumbi. Mirolesi ukitoa lenzi sensa iko wazi kabisa mbele ya macho yako, haina kile kioo cha DSLR mbele yake, kwa hiyo ukibadilisha lenzi kando ya barabara isiyo na lami wakati fuso inapita, subiri vidoa vya kijivu kwenye anga, vilevile, palepale, kila picha, hasa ukifunga f/11 kwenda mbele. Badilishia ndani ya gari, kamera imeangalia chini, na ukisafisha tumia kile kipira cha kupulizia, sio mdomo, mdomo una mate. TG-4 hilo halipo, lenzi yake inazumu humo humo ndani, haitoki nje, hainyonyi kitu.

Kitu cha kuangalia kwa kamera zote mbili ni kushuka toka baridi kwenda joto. Umeamka Kitulo kwenye umande unagandisha vidole, mchana uko Kyela jasho linakutoka, ukiitoa kamera pale pale kioo kinajaa ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu. Na TG-4 ina mtego wake: ukifungua mlango wa betri ukiwa Kyela kwenye hewa nzito halafu ukaifunga, ule unyevu umeufungia ndani, ukipanda nao baridini au ukiizamisha ziwani unatokea kwa ndani ya kioo ambako hufuti. Betri na memori badilisha sehemu kavu.

Betri zenyewe hazijaachana sana, picha kama 410 kwa Sony ukitumia skrini na 380 kwa TG-4 kwa vipimo vyao, baridini punguza. TG-4 ukiiwasha GPS muda wote inakunywa, izime.

Mtumba sasa. Sony angalia sensa na kioo cha lenzi, washa uone lenzi inatoka na kurudi bila kukwaruza, basi. TG-4 ndo ya kuikagua kwa tochi. Fungua milango yote miwili, angalia ile mipira ya kuzuia maji pembeni, iwe laini, isiwe na ufa wala unywele wala punje ya mchanga, maana unywele mmoja tu unatosha kupitisha maji, na kiwandani wanashauri mipira ibadilishwe kila mwaka kitu ambacho mwenye nacho wa kwanza huenda hakuwahi kufanya. Angalia na skrubu. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, alinihakikishia yake haijawahi kuguswa, nikaigeuza nikaona kichwa cha skrubu moja kimeliwa na rangi imechubuka kuzunguka, hiyo imefunguliwa na fundi na kuingia majini haifai tena. Mwambie muuzaji aizamishe mwenyewe mbele yako kwenye beseni la maji masafi, uangalie kama kuna vipovu vinatoka mlangoni. Akikataa umeshajua. Mi hata hii yangu nzima siipeleki mita 15, ni kamera ya 2015 hiyo, naishia urefu wa mkono.

Kwa hiyo kama unataka kula kupitia kamera chukua Sony, au mirolesi yoyote ya daraja hilo, na tenga hela ya lenzi ya pili. Kama kazi yako ni nyingine kabisa na unataka picha za watoto mtoni, za chai Mufindi kwenye ukungu, za safari na familia bila kuogopa, tafuta TG-4 nzima, hela inayobaki panda Kitulo. Na ukiipata hakikisha unadai waya wake wa kuchajia, Sony inatumia ile maikro USB ya simu za zamani unayoipata kila kibanda Mwanjelwa, lakini wa TG-4 ni wa aina ya Olympus wenyewe na madukani hapa mjini utazunguka sana.