Tingatinga pale Morogoro Stores: uzoefu wangu wa kutazama na kununua

Kituo cha ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za rangi kali ulioanzia hapa Dar, pale Oysterbay nimekuwa nikikitembelea kwa miaka kadhaa sasa, mara chache kununua, mara nyingi kutazama tu. Naandika kwa sababu kila nikimtajia mtu wa hapa hapa Dar, jibu ni lile lile: "Si zile picha za wazungu? Zote zinafanana." Hazifanani hata kidogo, na inaniuma kuona wenyeji tunapapita kila siku huku wageni wakitoka ng'ambo kuja kupaona.

Kufika ni rahisi. Mwambie dereva wa bajaji akushushe Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Hakuna kiingilio. Ndani picha zimejaa ukutani, nyingine zimeegemezwa chini, na ukiingia mara ya kwanza macho yanachoka upesi: twiga, tembo, tausi, Mlima Kilimanjaro, rangi kali kila unakogeuka. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usianze na kuta. Anza na wachoraji wenyewe. Wasalimie, omba ruhusa, kaa uwatazame wakifanya kazi.

Mara ya mwisho nilikaa na kijana aliyekuwa akichora kanga, yule ndege. Rangi ya nyuma alikuwa ameshaipaka siku iliyotangulia, njano chini ikipanda taratibu kuwa ya machungwa, maana rangi ya mafuta haikubali haraka. Ukiweka juu ya mbichi, zote zinachafuka. Umbo la ndege lilikuwa jeusi tupu. Akachukua brashi nyembamba, akachovya kwenye kopo la rangi nyeupe, akafuta ncha kwenye ukingo wa kopo, kisha akaanza kuweka madoadoa, moja moja, makubwa kifuani, madogo kadiri anavyokaribia shingo. Hakuchora mstari wa kumwongoza. Nilipoinama zaidi akaniambia, "Dada, angalia nguo yako, hapo bado mbichi."

Rangi hizo ni zile zile za madukani zinazopakwa mageti na baiskeli, na hiyo ina historia yake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia alichokiona kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi: rangi ya mafuta na bodi za ujenzi. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza kitu, na kweli kazi zake nyingi za mwanzo ni za mraba, kila upande sentimeta 60 hivi. Aliziuza hapo hapo nje ya Morogoro Stores. Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakamuua, wakidhani gari alilokuwemo ni la wahalifu. Ndugu na vijana wachache aliokuwa amewafundisha ndio walioendeleza kazi, na mwaka 1990 ushirika ukaundwa. Ukijua hayo, unaiangalia ile ming'ao ya rangi kwa jicho jingine.

Sasa hilo la kufanana. Fundisho la Tingatinga ni la mkono kwa mkono: mwanafunzi hukaa karibu na mwalimu, hujaza rangi, huweka madoa, hurudia mchoro wa mkubwa wake mpaka mkono ukubali. Ndiyo maana tausi ni wengi. Lakini fanya jaribio hili: chagua tausi watatu wa wachoraji tofauti, uwaweke pamoja. Tazama jicho, tazama miguu, tazama mkia unavyoishia. Mmoja manyoya yake yamepangwa kama yamepimwa kwa rula, mwingine yanapepea. Baada ya muda utaanza kumtambua mtu kabla hujasoma jina lake kwenye kona ya picha.

Na wanyama si yote. Ulizia picha za maisha ya watu: soko la samaki, zahanati, harusi, mganga na wagonjwa wake, mashetani. Hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Niliwahi kwenda na mama mkwe wangu, naye hakuwajali twiga kabisa; alisimama mbele ya picha ya kijiji yenye wanawake wanaotwanga, akaikazia macho muda mrefu. Mchoraji akaja, akamwamkia. Mama akaitikia, kisha akamwambia, "Mwanangu, huyu hatwangi, anachokoa. Mtwangio unashikwa juu zaidi." Yule kijana hakununa. Akamwomba amwonyeshe, mama akainua mikono akamwonyesha, na wale waliokuwa karibu wakaacha brashi zao kutazama. "Sawa mama, nitamrekebisha." Mama yangu mkwe hajawahi kuingia makumbusho yoyote kwa hiari yake, lakini pale aliniuliza tutarudi lini.

Kuhusu kununua. Bei inategemea ukubwa, wingi wa kazi iliyomo na mkono wa mchoraji, na kupatana kupo, ila patana kwa adabu ukikumbuka kuna siku nzima za kazi za watu humo. Uliza nani kachora, na kama yupo, zungumza naye mwenyewe. Unaweza pia kuagiza. Sema unachotaka na ukubwa wake, halafu mpe muda. Usimkimbize. Dada yangu alinunua picha ya tembo kwenye duka moja la vinyago mjini, wakamkunjia siku hiyo hiyo, ikiwa ndani ya gazeti. Alipoifungua nyumbani, maandishi ya gazeti yalikuwa yamejichapa kwenye tumbo la tembo. Rangi ya mafuta inaweza kuwa kavu ukiigusa na bado laini ndani. Picha ya kitambaa iviringishe ikiwa imekauka kabisa, upande wa picha ukiwa nje, wala usiibane. Ukifika nyumbani mpe fundi seremala aivute kwenye fremu ya mbao. Vumbi linatoka kwa kitambaa kikavu.

Kazi za haraka haraka zipo kokote Tingatinga inakouzwa. Utazijua kwa madoa yaliyochuruzika na kingo zilizoingiliana. Chukua picha uipeleke penye mwanga wa mchana kabla hujatoa hela.

Nenda asubuhi, siku ya kazi, na watoto wakiwa likizo wachukue. Wangu walitulia kutazama kuliko nilivyotegemea. Ila kama unachotafuta ni sanaa ya majaribio, video, sanamu za vyuma chakavu na muziki jukwaani, hiyo tafuta Nafasi Art Space kule Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ambako wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena. Nako nakupenda, lakini ni safari nyingine na siku nyingine.