Ensaiklopidia ya Falsafa ya Stanford kwa mwanafunzi wa falsafa ya sayansi ya jamii: inapofaa na inapokwama

Kwa anayesoma falsafa ya sayansi ya jamii ngazi ya uzamili au uzamivu, hasa kama maktaba ya chuo chake hailipii majarida ya nje, hakuna huduma ya bure inayoikaribia Ensaiklopidia ya Falsafa ya Stanford. Ipo mtandaoni tangu 1995, ilipoanzishwa na Edward Zalta. Kila makala huandikwa na mtaalamu anayetajwa kwa jina na hupitiwa na wahariri wa uwanja husika kabla haijatoka. Juu kabisa zipo tarehe mbili: ya kuchapishwa mara ya kwanza na ya marekebisho makubwa ya mwisho. Zitazame kabla ya yote. Makala isiyoguswa kwa miaka 10 bado itakufunza historia ya hoja, lakini usiijengee sura nzima ya mapitio ya maandiko.

Wengi hukwama mwanzoni kwa kuandika jina zima la somo kwenye kisanduku cha kutafutia na kusoma kinachotokea juu. Somo hili humo limetawanyika. Anza na "Methodological Individualism" ya Joseph Heath, inayohusu hoja kwamba matukio ya jamii yaelezwe kwa kuanzia matendo ya watu mmoja mmoja. Heath anaanza na Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, na anaonyesha kwa nini hoja hiyo si sawa na kumwona mtu kama chembe iliyojitenga na wenzake. Kosa hilo limo katika mapendekezo mengi ya utafiti. Kisha nenda kwa "Social Ontology" ya Brian Epstein: je, kundi, sheria au fedha ni vitu vya namna gani? Usigeuze mpangilio huu. Ukianza na Epstein utakutana na istilahi nyingi kabla hujajua zinatatua tatizo gani. Wanaotoka uchumi waongeze makala ya Daniel Hausman kuhusu falsafa ya uchumi.

Makala nyingine hufika maneno 10,000 na kupita, kwa hiyo usijilazimishe kuimaliza kwa kikao kimoja. Soma utangulizi na yaliyomo, chagua sehemu mbili zinazogusa swali lako, kisha shuka kwenye marejeo. Hapo toa kazi tatu ambazo mwandishi anabishana nazo, si zile alizozitaja tu kwa kupita. Hizo ndizo za kumpelekea msimamizi. Kurasa ni maandishi karibu tupu, bando halitakuishia, na unaweza kuzihifadhi kwenye simu ukasoma bila mtandao. Nakala ya PDF iliyopangwa vizuri ni ya wanachama wanaolipa ada, lakini maneno ni yale yale.

Kwenye kunukuu ndipo watu hupoteza alama. Makala hubadilika, na sentensi uliyoinukuu mwezi wa tatu huenda isiwepo mwezi wa kumi. Ndiyo maana ensaiklopidia huhifadhi toleo lisilobadilika mara nne kwa mwaka. Bofya kiungo cha namna ya kunukuu, chukua anwani yenye neno "archives" na alama ya msimu, kwa mfano "fall2023", na hiyo ndiyo uiweke kwenye marejeo yako.

Hata hivyo, muhtasari una hatari yake. Chukua mjadala wa mwanafalsafa Peter Winch na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard kuhusu imani ya uchawi ya Wazande, watu wa Afrika ya Kati. Anayesoma muhtasari peke yake hutoka akidhani Wazande hawakujua visababishi vya kawaida. Fungua kitabu cha Evans-Pritchard cha 1937 ukutane na ghala lililoporomoka: Wazande wanajua fika kuwa mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liporomoke saa ile ile, juu ya watu wale wale waliokaa kivulini chake. Uchawi unajibu swali hilo la pili. Bila mfano huo, hoja ya Winch ya 1964 kuhusu viwango vya urazini, yaani vipimo vya fikra yenye mantiki, haishikiki.

Upungufu mkubwa kwa msomaji wa huku ni mizani. Falsafa ya Kiafrika imo, na makala ya D. A. Masolo kuhusu falsafa ya wahenga (fikra za wazee wenye hekima) na kazi ya mwanafalsafa Odera Oruka kule Nairobi ni nzuri kweli. Lakini hoja za Waafrika kuhusu sayansi ya jamii yenyewe hazijapata nafasi zinayostahili. Archie Mafeje, aliyefundisha sosholojia Dar es Salaam, aliandika mwaka 1971 kuhoji kama "kabila" ni dhana ya kuchambulia au ni itikadi tu, na hilo ni swali la falsafa ya sayansi ya jamii moja kwa moja. Kama tasnifu yako inatumia kabila kama kigezo cha uchambuzi, msome Mafeje kwanza, kisha urudi kwa Epstein na swali lake mkononi.