Kanuni ya NFL ya mechi iliyofutwa: inafaa ligi zetu za Lamu?

Kamati ya ligi ya mtaa inayotafuta kanuni ya kuiga, pale mechi inapofutika na mchujo uko mlangoni, ina mfano mzuri wa kuukagua: uamuzi wa NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, wa Januari 2023. Sehemu moja ichukuliwe kama ilivyo, nyingine itupwe.

Tarehe 2 Januari mechi ya Buffalo Bills na Cincinnati Bengals ilisimama robo ya kwanza, Bengals wakiongoza 7-3, baada ya moyo wa Damar Hamlin, beki wa Bills, kusimama uwanjani. Kuisimamisha ilikuwa sahihi kabisa, na hilo halina mjadala. Siku ya kuirudia haikupatikana, ikafutwa. Bills wakamaliza na ushindi 13 katika mechi 16, Kansas City Chiefs 14 katika mechi 17. Kwa wastani ni 0.8125 dhidi ya 0.8235, Chiefs juu. Ila Bills wangeicheza ile mechi na kushinda, wangefika 14 vilevile, na kwa kuwa walishawafunga Chiefs Oktoba 2022, namba moja ya AFC, nusu ya ligi walimo wote wawili, ingekuwa yao, pamoja na uwanja wa nyumbani.

Dawa ya NFL ilikuwa hii: wawili hao wakikutana fainali ya AFC, wacheze uwanja huru, Atlanta. Hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote, kwa sababu mechi ambayo haikuchezwa haimpi mtu uwanja wa nyumbani. Hakikutumika, maana Bengals waliwatoa Bills 27-10. Hata hivyo kina pengo: namba moja hupumzika raundi ya kwanza, na pumziko hilo Chiefs walibaki nalo lote.

Cha kutupa ni shilingi. Kanuni iliyokuwapo tayari ilisema wastani wa ushindi ndio utakaoamua. Tarehe 6 Januari wenye timu wakaongeza kwamba Bengals wakifungwa na Baltimore Ravens siku ya mwisho, kisha wakapangwa nao raundi ya kwanza, mwenyeji apatikane kwa kurusha shilingi. Bengals walishakuwa mabingwa wa kundi lao, na bingwa wa kundi ndiye huwa mwenyeji raundi hiyo! Walishinda 27-16, shilingi haikurushwa, lakini nyongeza inayoandikwa wakati kila mtu anajua itamuumiza nani haikubaliki. Kwetu ugomvi wa namna hiyo huvunja ligi.

Wastani nao una makali yake. Ligi ya daraja la tatu Uingereza ilipokatizwa mwaka 2020, Wycombe walikuwa nafasi ya nane, pointi 59 katika mechi 34. Kwa wastani wa 1.735 wakapanda hadi ya tatu. Peterborough, pointi 59 hizohizo katika mechi 35, wakashuka kutoka ya sita hadi ya saba, nje ya mchujo. Wycombe wakaenda kupanda daraja.

Sasa tuseme ligi ya timu kumi, kila moja mechi tisa. Shela wamemaliza na pointi 19, wastani 2.111. Faza wana 17 katika mechi nane, wastani 2.125. Wastani unawaweka Faza juu, ilhali wangeicheza ya tisa, ni ushindi pekee ungewaweka juu. Sare ingewaacha na 18. Hapo ndipo kipengele cha uwanja huru kinapofaa: Faza wabaki na namba, lakini wakikutana na Shela wasiwe wenyeji. Wacheze Mokowe, ambako wote wanafika kwa boti. Uwanja wa Lamu mjini si huru kwa mechi hiyo, kwani mashabiki wa Shela wanatembea kwa miguu hadi hapo.

NFL haikuhitaji kujibu swali moja ambalo sisi hatuwezi kulikwepa: nani kasababisha? Timu iliyokwama Mkanda, mlango wa bahari wa maji machache, kwa sababu maji yamekupwa haistahili kufutiwa mechi. Saa za maji zinajulikana mapema, boti ingetoka mapema. Hao wapigwe 3-0 za mezani. Kusi likichafua bahari hadi manahodha wakakataa kutoka, hiyo ni dharura, na ujumbe umfikie katibu kabla ya saa ya mechi, si jioni. Mechi iliyoanza ikakatika, refa aandike dakika, matokeo na sababu papo hapo, manahodha wa timu zote mbili watie sahihi. Irudiwe ndani ya siku saba, na raundi ya mwisho iachiwe wiki moja tupu kabla ya mchujo. Bila wiki hiyo, kurudia ni maneno tu.

Wastani upigwe hadi desimali tatu. Ukilingana, yaangaliwe matokeo ya wawili hao walipokutana. Tofauti ya mabao isitumike ikiwa jumla tupu, kwa sababu aliyecheza mechi moja zaidi amepata dakika 90 zaidi za kufunga. Igawanywe kwa idadi ya mechi kama pointi. Karatasi yenye haya yote isainiwe na kila timu siku ya kulipa ada ya kujiunga, kabla ratiba haijatoka.