Kompyuta ya gemu nyepesi: ipi ianze, ipi ifuate na ipi uipite tu

Nazungumzia Minecraft, Roblox, Terraria, Stardew Valley, League of Legends, Dota 2, Valorant, Rocket League, GTA San Andreas, na FIFA za miaka ya nyuma kidogo. Kama unataka Cyberpunk 2077 hapa sio mahali pako, na usidanganywe na anayekwambia eti shusha tu setingi itakubali.

Hizi gemu karibu kompyuta yoyote ya miaka kumi ya karibuni inaziwasha, shida inaanza pale unapocheza fresh dakika mbili alafu ukikata kona picha inaganda nusu sekunde, ikirudi umeshauawa. Watu wengi wakiona hivyo wanakimbilia prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i7 kwa sababu stika imeandikwa 7, wanarudi nyumbani na mashine inastaki vilevile. Kioo cha kawaida ni 60Hz, yaani kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, maana yake kompyuta inatakiwa kutoa fremu (picha) mpya kila baada ya milisekunde kama 16.7, na FPS (fremu kwa sekunde) inayoonekana pembeni ya skrini ni wastani tu, inaweza kusoma 90 huku kila baada ya muda kuna fremu moja imechukua milisekunde 100 na hiyo moja ndo unaihisi mkononi. Zile fremu zinazochelewa mara nyingi zinatokana na RAM (memori ya kazi) ndogo, hard disk ya kizamani, au joto. Kuwa na i5 badala ya i7 ni mara chache sana ikawa ndo sababu.

Na kitu kingine kabla hatujaenda mbali, kama mchezaji wako anarudishwa nyuma hatua tatu au unapiga risasi haziingii huku picha yenyewe inatembea vizuri, hiyo ni intaneti. Ping ya 250, yaani data kuchukua milisekunde 250 kwenda kwenye seva na kurudi, haitibiwi na kadi ya grafiki hata ununue ya bei gani.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, namba sifuri ukipenda, ni kutokununua kompyuta. Fungua uliyonayo uangalie RAM. Kama haina kadi ya grafiki ya peke yake, basi grafiki yake imo ndani ya prosesa na haina memori yake, inakula RAM hiyohiyo ya kompyuta, na inataka RAM ya kasi kuliko prosesa inavyotaka. Ukiweka kijiti kimoja cha GB 8 data inapita njia moja, ukiweka viwili vya GB 4 zinakuwa njia mbili, na kwenye gemu tofauti unaiona kwa macho bila kupima. Intel wenyewe kwenye Iris Xe, grafiki ya ndani ya prosesa zao za kizazi cha 11, ukichomeka kijiti kimoja tu, Windows inaisoma kama UHD ya kawaida, jina la Iris linapotea kabisa! Kwa hiyo laptopu ya i5 yenye kijiti kimoja inaweza kuwa inakudai kijiti cha pili tu, basi. Siku hizi ningesema GB 16 yaani 8 mara mbili, kwa sababu Windows 11 na brauza vikishakula chao GB 8 inabaki ya kubanana, hasa ukiwa mtu wa Minecraft yenye modi.

Pili ni SSD, diski isiyozunguka. Haiongezi FPS, muuzaji akikwambia inaongeza mcheke tu, ila gemu inapovuta ramani mpya kutoka kwenye hard disk ya kuzunguka inayosoma MB 100 na kitu kwa sekunde ndo pale inaganda. SSD ya SATA (aina ya zamani) inafika kama 550, za NVMe (aina mpya) nyingi zinapita 3000, lakini kwa gemu hizi kati ya SATA na NVMe hutaona tofauti ya maana, chukua ile inayoingia kwenye mashine yako usilale macho. Tatu safisha feni na ubadilishe ile pesti ya kupoozea prosesa, maana prosesa ikichemka inajipunguza spidi yenyewe, dalili yake ni gemu kuwa nzuri dakika kumi za mwanzo alafu kuanza kuchechemea.

Ukishafanya hayo na bado, au huna kompyuta kabisa, ndo tunaanza kupanga.

Namba moja kwangu, na sioni inayoipiku kwa hela ya kawaida, ni kompyuta ya mezani ya ofisi iliyotumika ukaiongezea kadi ndogo ya grafiki. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zile zinazotolewa maofisini kwa mafungu. Zimetengenezwa imara, sehemu ya kutengeneza iko wazi, fundi yeyote anazijua. Tafuta yenye Intel kizazi cha 8 kwenda mbele, na sisemi hivyo kwa kuringa: i5 ya kizazi cha 8 kama i5-8500 ina kori (vichwa vya kufanya kazi ndani ya prosesa) sita wakati i5-7500 iliyotangulia ina nne, alafu Windows 11 kirasmi inaanzia kizazi cha 8, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Mcheza Valorant asikilize hapa vizuri, kwenye Windows 11 hiyo gemu inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi uliomo ndani ya kompyuta yenyewe) viwe vimewashwa, kwa hiyo zile mbinu za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani zitakuangusha hapo mlangoni.

Sasa kadi. Hizi kompyuta za ofisi pawa saplai yake ni ndogo, nyingi ziko kwenye watti 200 na kitu, na mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Slotu ya madabodi (bodi kuu) yenyewe inatoa watti 75 mwisho, kwa hiyo unatafuta kadi inayoishi ndani ya hizo 75. Ya kwanza kwenye orodha ni GTX 1650 ya GB 4, ila angalia vizuri maana kuna matoleo yenye tundu la waya wa umeme na yasiyo nalo, wewe unataka lisilo nalo. Inayofuata ni GTX 1050 Ti, nayo ni watti 75 na GB 4, bado inasukuma vizuri hizi gemu kwa 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), kasoro yake ni kwamba NVIDIA wameacha kuipa draiva (programu inayoendesha kadi) mpya za gemu, inabaki na za usalama tu. Kwa Dota na Minecraft hilo halikunyimi usingizi leo, ila kama bei zinakaribiana chukua 1650. GTX 750 Ti ya 2014 inakula watti 60, ni ya mtu ambaye mfuko umebana kweli. RX 6400 watu wanaipenda kwa sababu ni ndogo na inakula watti 53 tu, lakini ina njia nne tu za PCIe (njia ya data kati ya kadi na madabodi) na imetengenezwa kwa PCIe 4.0, ukiichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ya kizazi cha 8 ambayo ni 3.0 inapoteza nguvu, kwa hiyo naiweka chini ya 1650.

Pima kasha kabla hujalipa kadi. OptiPlex ileile inakuja kwa maumbo tofauti: ile ndefu ya mnara inapokea kadi ya kawaida, ile nyembamba inataka kadi fupi ya nusu kimo, na kale kadogo ka kushika mkononi hakapokei kadi kabisa. Watu wananunua kale kadogo kwa kupendeza alafu wanakuja kuuliza kadi inaingia wapi. Haiingii, mkuu. Na ukishaweka kadi, waya wa kioo uchomeke kwenye kadi yenyewe, usiurudishe kwenye tundu la madabodi, hili kosa linafanywa kila siku na mtu anaishia kusema kadi ni mbovu.

Namba mbili ni kujenga yako mpya na prosesa ya AMD yenye grafiki ndani, Ryzen 5 5600G hasa. Kori sita, grafiki ya Vega 7 ndani, haihitaji kadi, inatulia na umeme kidogo, na siku ukipata hela unaongeza kadi bila kubadilisha kitu kingine. Valorant, League, Rocket League ya setingi za kati, zote zinapita 60 bila jasho mradi RAM iwe vijiti viwili, nilishasema na nitarudia hata mara kumi. Ukiwa na zaidi kidogo kuna 8600G yenye Radeon 760M, hiyo ina nguvu kwelikweli ila inakuburuza kwenye madabodi mpya na RAM ya DDR5, gharama zinapanda, na ukishafika hapo kompyuta ya ofisi na 1650 inakucheka. Ndo maana hii iko namba mbili. Herufi usizipuuze: Ryzen 5 5600 bila G haina grafiki ndani, na Intel yenye F mwishoni kama i3-12100F vilevile, ukiziwasha bila kadi unapata kioo cheusi.

Namba tatu laptopu iliyotumika, kwa sababu najua wengi wenu hamtaki ya mezani hata niseme nini, mna chuo, mna kazi. Sawa. Tafuta i5-1135G7 kwenda juu upande wa Intel, au Ryzen 5 5500U na wenzake upande wa AMD. i5 ya kizazi cha 8 yenye UHD 620 inacheza pia, ila ushushe skrini mpaka 720p na usilalamike. Kwenye laptopu uliza swali moja ambalo wauzaji wengi hawalipendi: RAM imeungwa kwenye bodi au inatoka? Kama imeungwa na ni GB 8 umekufa nayo hapo. Ukiipata mkononi fungua Task Manager, nenda upande wa memori, inakuonyesha slotu ngapi zimetumika. Na jina i5 lisikutie upofu, i5 ya laptopu yenye U mwishoni ni mnyama mwingine kabisa na i5 ya mezani, mara nyingi inaishi kwa watti 15 tu.

Nne ni zile kompyuta ndogo mpya zenye Radeon 680M au 780M, mfano prosesa ya Ryzen 7 6800H au 7840HS. Kwa nguvu ya grafiki iliyomo ndani hizi ndo kiboko, na zinakaa nyuma ya kioo hazionekani. Nimeziweka nne kwa bei tu na kwa sababu huwezi kuongeza kadi ndani baadae. Ila usichanganye na ndugu zao za bei chee zenye Intel N100, hizo ni njia moja ya RAM, zinafaa Stardew Valley na Terraria na kuangalia filamu, Valorant utateseka.

Laptopu za gemu zenye RTX (kadi za NVIDIA za nguvu) ndani naziweka mwisho kwa gemu hizi, sio mbaya, ni kulipia nguvu usiyoitumia alafu ubebe chaja zito na feni inayopiga kelele darasani. Iliyotumika ndo kabisa niogope, huwezi kujua imechemshwa miaka mingapi.

Usiziguse kabisa: laptopu mpya ya Celeron N4020 yenye GB 4 hata kama inang'aa na bei inakuita, ina kori mbili tu. Kadi za GT 710 na GT 730, grafiki ya ndani ya prosesa za karibuni inazipita. Na GT 1030 ya DDR4, hii ni mtego hasa, maana jina ni lilelile na ile ya GDDR5 lakini memori yake ina kasi kama theluthi tu ya mwenzake, boksi zinafanana, soma maandishi madogo.

Kioo: kama mashine yako inagotea 60 mpaka 80, kioo cha 144Hz ni mapambo. Na kama inahangaika kwa 1080p, kucheza 1366 kwa 768 kunapunguza pikseli hadi karibu nusu, jaribu hiyo kabla hujatoa hata senti.

Siku ya kulipia kitu kilichotumika nenda na flashi yenye GPU-Z na CrystalDiskInfo. GPU-Z inazigundua kadi nyingi feki, zile GTX 550 Ti zilizobadilishwa jina zikawa 1050 Ti, inaandika FAKE mbele ya jina. CrystalDiskInfo inakwambia SSD imebakiza afya kiasi gani. Alafu omba uwashe gemu yoyote nusu saa, laptopu iwe kwenye chaji maana bila chaji nyingi zinajipunguza, usikilize feni na uangalie kama FPS ya dakika ya 25 ni ileile ya dakika ya 5. Muuzaji akikataa hiyo nusu saa, mwachie kompyuta yake.