Uzoefu wangu na kozi ya bunkai: kata za karate kwa ajili ya kujihami kweli

Nimeimaliza hii kozi ya video na nimeshaifanyia mazoezi ya kutosha na mwenzangu, kwahiyo naandika nikiwa na uhakika na ninachosema. Kwa asiyejua, kata ni ule mfululizo wa harakati uliopangwa unaoufanya peke yako, na bunkai ni ile kazi ya kuichambua kata harakati moja moja na kuuliza, hii inamfanya nini mtu aliyesimama mbele yangu anayetaka kuniumiza. Wengi tuliopita dojo (ukumbi wa mazoezi) tulifundishwa kata kama kukariri wimbo wa lugha usiyoijua, sensei, yani mwalimu, anahesabu ichi ni san (moja mbili tatu), unageuka, unazuia, unapiga, mtihani unapita, mkanda unabadilika, na ukiuliza hapo tulikua tunafanya nini unaambiwa umezuia teke, basi, tuendelee. Sasa jamani, mhuni gani anakuja na ngumi iliyonyooka kutoka umbali wa hatua mbili, kaianzisha kiunoni, afu akishaitupa anauacha mkono umening'inia hewani anakusubiri umalize zamu yako?

Hapo ndipo kozi inapoanzia na ndio sababu nimeipenda. Somo la kwanza hakuna kata kabisa. Mwalimu anaonyesha watu wanavyoshambuliana kwa kweli: kusukumwa kifuani, kukunjwa shati, ngumi ya kuzungusha inayokuja pembeni ya kichwa, kushikwa mkono ukiburutwa, kupigwa kichwa cha uso, kabali, roba ya nyuma. Anasema kabla hujajifunza jibu lijue swali, wazo ambalo Patrick McCarthy, mtu aliyeichimba sana karate ya Okinawa, kisiwa cha Japani ilikotokea karate, amelifundisha miaka mingi. Na kabla ya hayo yote kuna kipande kirefu tu cha kuondoka mapema, kuongea ukiwa umenyanyua mikono kifuani viganja vimefunguka, kutomruhusu mtu asiyeeleweka akukaribie hadi puani. Najua wengi watakiruka hicho kipande, msikiruke, ndio kitakachokusaidia mara nyingi kuliko mbinu yoyote.

Afu inakuja kata, na kitu kikubwa cha kozi nzima kwangu ni mkono wa kiunoni. Ule mkono ambao kila ukipiga au ukikinga unarudishwa kiunoni, unaitwa hikite. Nilikua nikisikia maelezo kwamba unaipa ngumi nguvu, au unajiandaa kwa ngumi inayofuata, na hakuna aliyeweza kunieleza kwanini basi kwenye sparing, yani kupigana kwa mazoezi, wote tunaitunza mikono usoni. Kozi inasema hivi: ule mkono umeshika kitu. Umeshika kifundo cha mkono wake, au mkono wa shati, au nywele, na unamvuta aje kwenye pigo huku mguu wake mmoja ukibaki mwepesi. Ukishalipokea hilo moja nusu ya kata inajifungua yenyewe, maana umbali wote unabadilika, mpinzani hayuko tena hatua mbili, yuko hapa, mmeshikana.

Chukua gedan barai, kile kinachoitwa kuzuia chini, hatua ya kwanza kabisa ya Heian Shodan, kata ya wanaoanza. Tulivyofanya na mwenzangu: yeye kanikunja shati kifuani kwa mkono wa kulia, na wa kushoto kaurudisha nyuma anataka kunichapa. Mkono wangu wa kulia unaubana mkono wake palepale kwenye kifua changu, wa kushoto unapanda hadi karibu na sikio la kulia (ile "kujiandaa" ya kwenye kata, na kumbe imeshafunika upande wa kichwa ambao ngumi inakuja), afu natoka mbele yake naingia ubavuni huku mkono wa kulia unavuta kwenda kiunoni na ule wa kushoto unashuka na mfupa wa chini ya kiwiko changu unatua nyuma ya mkono wake, juu kidogo ya kiwiko chake. Mkono wake umenyooka, bega linashuka, kichwa kinafuata, na ile ngumi ya kushoto haina tena pa kupita kwasababu mwili wake mwenyewe uko katikati. Hatua inayofuata kwenye kata ni ngumi, na kichwa chake sasa kiko pale ngumi inapokwenda. Sikuongeza kitu wala kupunguza. Mara ya kwanza ilipokubali bila kulazimisha mwenzangu aliniambia rudia, rudia, nataka nisikie tena.

Age uke nayo hivyohivyo, ile ya kukinga juu. Mkono wa kwanza unausafisha mkono wake na kuushusha, na ule unaopanda haumzuii mtu yeyote, unapanda chini ya taya. Ile sehemu ya Heian Shodan unapomaliza gedan barai, ukaurudisha mkono na kuupiga kama nyundo kutoka juu, hiyo hata madojo mengi ya kawaida wanakubali ni kujinasua ulipokamatwa kifundo cha mkono, ila kozi inakufundisha uvute kwa kugeuza nyonga na kuurudisha mguu, usivute kwa bega, maana mtu mwenye nguvu kukuzidi utamvuta bega mpaka kesho.

Kitu kingine kilichonikaa ni zile kugeuka. Siku zote nilisikia unageuka kwasababu adui wa pili kaja kutokea nyuma, eti kata ni kupigana na watu wanne au wanane waliojipanga. Kenwa Mabuni, mwanzilishi wa mtindo wa karate wa Shito-ryu, alishaandika zamani kwamba huko ni kuelewa vibaya mielekeo ya kata. Kozi inafundisha pembe ile ni pembe yako wewe kwa mtu yuleyule mmoja, yani kata inakuambia simama wapi ukilinganisha naye. Ukigeuka umetoka kwenye mstari wake. Ukigeuka sana umemgeuza na yeye, umemwangusha.

Historia wanaigusa kidogo lakini inatosha kuelewa maana zilipotelea wapi. Anko Itosu, mwalimu wa karate wa Okinawa, ndiye aliyeiingiza karate kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kata za Pinan, ambazo Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa mtindo wa Shotokan, baadae aliziita Heian, ni kazi yake. Watoto wengi darasani, lengo afya na nidhamu, huwezi kuwafundisha kuvunja shingo za wenzao, kwahiyo umbo likabaki na maelezo yakawa mepesi. Ila Itosu huyohuyo kwenye barua yake ya mwaka 1908 yenye mambo kumi alisisitiza ujue maelezo ya kila mbinu na wakati wa kuitumia, na kwamba karate ni ya kujiepusha na madhara ukivamiwa na mhuni. Kwahiyo mtu akikuambia bunkai ni mambo ya watu wa siku hizi kujitungia, mwonyeshe hiyo barua.

Sehemu ya Naihanchi, ambayo Shotokan wanaiita Tekki, kwangu ndio bora kuliko zote. Ni kata ya kwenda pembeni tu, kulia na kushoto, na watu huwa wanasema ni ya kupigana ukiwa umeegemea ukuta. Choki Motobu aliyekua anasifika kwa kupigana kweli aliijenga karate yake juu ya hii kata moja, na ukiifanyia mazoezi mmeshikana unaelewa kwanini. Pale mkono mmoja unapofunguka pembeni afu kiwiko cha mkono mwingine kinagonga kiganja chako mwenyewe, kile kiganja kina kichwa cha mtu ndani yake. Umemshika nyuma ya kichwa, kiwiko kinakuja, hana pa kurudi. Na ule mguu unaopanda haraka kwa ndani na kurudi, nami gaeshi, mkiwa karibu hivyo unapiga goti lake au unamfagia mguu, yani mtama kabisa.

Sasa mapungufu, na yapo. La kwanza ni kamera. Imewekwa mbele moja kwa moja muda mwingi, na kitu chenyewe kinachofundishwa, ule mkono wa kuvuta, unafichwa na mwili wa mwalimu. Nimerudisha nyuma video mara nyingi sana kuangalia vidole vimeshika wapi. Mtu anayefundisha hikite alipaswa kuweka kamera upande wa kiuno.

La pili ni zito zaidi. Yule anayeshambulia kwenye video analegea. Anashika, anakaa, anavutwa, anaanguka. Mtaani mtu akikukunja hakai, anakusukuma na kukuvuta na mkono wa pili hausubiri. Kuna somo moja tu karibu na mwisho linalosema ongezeni ukinzani kidogokidogo, na lilipaswa kuwa ndio uti wa mgongo wa kozi. Sisi tulijipangia wenyewe: kwanza pole pole, afu yule anayeshika anaruhusiwa kukaza, afu anaruhusiwa kupiga kwa glovu nyepesi mkono wa pili, afu anaruhusiwa kubadilisha shambulio bila kusema. Kwenye hatua hiyo ya mwisho mbinu kadhaa za kozi zilikufa. Ile ya kumkamata ngumi hewani na kumkunja kifundo ilikufa kabisa, hakuna anayeikamata ngumi inayotoka kwa hasira. Gedan barai ilibaki. Age uke ilibaki. Kiwiko cha Naihanchi kilibaki na kikawa rahisi zaidi, kwasababu mtu akikusukuma analeta kichwa mwenyewe.

La tatu, somo la vituo vya mishipa, kugusa hapa mtu anazimia. Nalikataa. Ukiwa na hofu moyo unadunda, vidole vinatetemeka, huwezi kutafuta kijisehemu shingoni cha ukubwa wa kidole. Liruke.

Na la nne, mwalimu ni mkubwa kuliko mwenzake kila video. Mimi mwili wangu mdogo, ningependa kumwona mtu mdogo akimfanyia mkubwa. Tulivyojaribu kubadilishana nafasi niligundua kwa mtu mkubwa lazima hatua ya kutoka pembeni itangulie kabla ya kuvuta, ukivuta kwanza unajivuta wewe kwenda kwake. Hakuna popote kwenye kozi panaposema hivyo.

Nimeulizwa kama ni sawa na bunkai za mashindano ya timu, zile za kuruka na kumwangusha mtu kwa mbwembwe. Hapana. Zile ni za majaji na zinataka uwezo mkubwa wa mwili, naziheshimu, na Ryo Kiyuna alipochukua dhahabu ya kata Olimpiki ya Tokyo nilifurahi sana, ila ni kazi nyingine.

Kama unafanya taekwondo kozi itakufaa pia, maana waasisi wake kadhaa walijifunza karate Japani na poomsae, yani kata za taekwondo, zina mkono uleule wa kiunoni. Kama huna mtu wa kufanya naye mazoezi usiinunue kwa sasa, utabaki unaangalia video tu. Ukiwa naye, anzeni na gedan barai na Naihanchi, nunueni glovu nyepesi na kinga ya meno kabla ya kuongeza ukinzani, kubalianeni neno la kusimamisha, na viwiko vifanyeni kwenye pedi peke yake. Mimi naipa kozi nyota nne kati ya tano. Sehemu ya pili ya kozi itahusu kata ya Passai, nitaichukua kama watasogeza kamera.