Kabla ya kulipia Honda CB750, fungua kwanza kifuniko cha sproketi

Mwezi wa Machi mwaka jana nilipanda treni kutoka Birmingham hadi kaskazini mwa Uingereza kwenda kununua Honda CB750 ya mwaka 1971, pikipiki ambayo picha yake niliiona nikiwa mtoto, kwenye kalenda iliyotundikwa gerejini kwa baba yangu mdogo kule Tanga. Muuzaji alinihakikishia kwamba imekarabatiwa yote, kuanzia tairi hadi taa. Rangi iling'aa, kromu haikuwa na kutu hata kidogo, na injini iliwaka mara tu nilipobonyeza kitufe cha stata, nami nikalipa bila kuuliza swali ambalo leo namtaka kila msomaji aulize. Katika wiki ya sita nilikuta dimbwi la oili chini ya injini. Fundi alipofungua kifuniko cha sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, tuliona kwamba ukuta wa kasha la injini nyuma ya sproketi hiyo ulikwisha kupasuka zamani, ukachomelewa vibaya, ukazibwa kwa gundi ngumu ya kuzibia chuma, kisha ukapakwa rangi ya fedha ili ufanane na aluminiamu inayouzunguka. Matengenezo yalinigharimu zaidi ya nusu ya bei niliyoinunulia.

Baada ya kuwasimulia wasomaji kisa hicho, wawili waliniandikia, mmoja akiwa Leicester na mwingine Toronto, wakinieleza jeraha lilelile mahali palepale. Ndiyo maana mwongozo huu wa kununua pikipiki kubwa za kasi za kizazi cha kwanza, zile ambazo dunia ilikuja kuziita supabaiki, hautapoteza muda kwenye rangi, kiti wala sauti ya ekzosi. Unaanzia nyuma ya sproketi ya mbele, kwa sababu hapo ndipo historia ya mashine hizi ilipoandikwa bila kufutika.

Pikipiki za kasi zilikuwapo kabla ya Wajapani. George Brough wa Nottingham alikuwa akiuza Brough Superior SS100 tangu mwaka 1924 kwa dhamana kwamba ingefika maili 100 kwa saa, na mwaka 1948 Vincent walitoa Black Shadow ya cc 998 iliyokaribia kilomita 200 kwa saa. Hizo zilikuwa mashine za wachache wenye fedha, na leo ni za wachache zaidi, kwa hiyo naziacha. Mambo yaligeuka pale Honda walipoacha mashindano ya dunia baada ya msimu wa 1967, wakawa na wahandisi waliobobea katika injini za silinda nne na soko la Marekani lililokuwa likidai mashine kubwa kuliko zile walizokuwa nazo. Timu iliyoongozwa na Yoshiro Harada ilitengeneza CB750, ikaonyeshwa Tokyo mwezi wa Oktoba 1968 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata kwa dola 1,495 nchini Marekani. Ilikuwa na cc 736, silinda nne zilizopangwa kwa safu, nguvu za farasi 67, gia tano, stata ya umeme na breki ya diski kwenye gurudumu la mbele, wakati ambapo pikipiki nyingi za Uingereza za silinda mbili zilikuwa na nguvu za farasi chini ya 50, breki za ngoma na kiki ya kupiga kwa mguu. Honda walikuwa wamepanga kutengeneza 1,500 kwa mwaka. Maagizo yakawalazimisha kutengeneza idadi hiyo kwa mwezi mmoja, kisha kuizidisha maradufu.

Kilichosahauliwa katika sifa hizo zote ni cheni. Injini ilikuwa imeruka hatua kubwa mbele, lakini nguvu yake ilifika gurudumu la nyuma kwa cheni isiyotofautiana sana na zile zilizotangulia, isiyo na oringi, yaani pete za mpira za kuhifadhi grisi ndani ya viungo vyake. Honda waliliona tatizo, wakaweka njia ya kudondoshea cheni oili kutoka kwenye injini kupitia shafti ya sproketi. Oili hiyo ilirukia gurudumu na nguo za mpandaji, hivyo wenye pikipiki wengi wakaifunga, na cheni ikakauka. Cheni kavu huvutika, na iliyovutika ikikatika katika mwendo mkubwa, sproketi huikusanya na kuisukumia kwenye nafasi finyu iliyo kati yake na kasha la injini. Aluminiamu haiwezi kushindana na chuma kinachozunguka kwa kasi ile. Ukuta hupasuka na oili humwagika. Mwenye bahati huishia na kasha lililotoboka. Asiye na bahati gurudumu lake la nyuma hujifunga akiwa barabarani.

Kasha hilo ndilo moyo wa mashine. Kulibadilisha kunataka injini ishushwe na kufunguliwa yote, na kwa kuwa namba ya injini imepigwa kwenye kasha lenyewe, ukilibadilisha umepoteza namba iliyo kwenye hati ya umiliki, na pamoja nayo sehemu kubwa ya thamani. Ndiyo sababu watu huficha. Kwa hiyo nenda na spana, bisibisi, kurunzi, kitambaa na petroli kidogo. Mwombe muuzaji aondoe pedali ya gia na kifuniko cha sproketi, kazi isiyozidi robo saa. Futa grisi yote, umulike ukuta uliopinda nyuma ya sproketi, juu na chini, na upitishe kidole polepole. Aluminiamu iliyotoka kiwandani ina chembechembe zinazolingana. Mahali palipochomelewa pana mawimbi, na palipozibwa kwa gundi panakwaruzika ukitumia ncha ya bisibisi. Rangi ya fedha inayotoka kwenye kitambaa chenye petroli ni jibu tosha. Usikubali picha za simu. Mimi nilitumiwa picha 32, na hakuna hata moja iliyoonyesha mahali hapo.

Pamoja na yote yaliyonipata, nafasi ya kwanza naipa Honda CB750, na sioni sababu ya kuficha kwamba naipenda Honda kuliko kampuni nyingine yoyote. Mwezi wa Septemba 1969 Michel Rougerie na Daniel Urdich walishinda mbio za Bol d'Or za saa 24 nchini Ufaransa kwa CB750, na Machi 1970 Dick Mann akashinda mbio za Daytona 200 nchini Marekani kwa Honda iliyotokana nayo. Kwa mnunuzi wa leo, hata hivyo, sifa kuu ni kwamba ziliuzwa kwa wingi, vipuri vyake bado vinapatikana, na injini ambayo kasha lake ni zima huvumilia miaka mingi. Tafuta toleo la K1 au K2, yaani la kuanzia mwishoni mwa 1970 hadi 1972, ambalo limebaki na umbo la asili bila kubeba bei ya zile za mwanzo kabisa.

Kuhusu hizo za mwanzo nina malalamiko. Injini za kwanza zilimiminwa kwa kalibu za uzalishaji mdogo kabla ya Honda kuamini kwamba soko lingekuwa kubwa hivyo, na kwa sababu ya sura yake ya mparuzo watu wakaziita za kalibu ya mchanga, ingawa mchanga haukutumika. Zinaishia kwenye namba ya injini CB750E-1007414. Sasa kila muuzaji mwenye CB750 yenye kasha lililochakaa anaandika kwenye tangazo lake kwamba ni ya kalibu ya mchanga, na anadai bei ya gari jipya. Namba hailingani, kisha anakwambia kwamba ilisomwa vibaya, au kwamba mashine ilitoka Marekani na karatasi zake zilichanganywa bandarini. Huo ni udanganyifu, na unaumiza zaidi kwa sababu mashine hii ilibuniwa ili fundi wa kawaida na karani wa kawaida waweze kuimudu. Isome namba kwa macho yako, ulinganishe na hati, ndipo uzungumze bei.

Nafasi ya pili ni ya Kawasaki Z1. Kawasaki walikuwa wakitayarisha pikipiki yao ya silinda nne ya cc 750, mradi walioupa jina la siri la kipande cha nyama ya New York, pale Honda walipowatangulia mwaka 1968. Badala ya kutoa ya pili kwa ukubwa uleule, walirudi mezani na kutoka mwaka 1972 na cc 903, kamshafti mbili (shafti zinazofungua vali) na nguvu za farasi 82. Machi 1973 waliizungusha kwenye uwanja wa Daytona kwa saa 24 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 175 kwa saa. Krenki yake, yaani shafti kuu ya injini, inazunguka juu ya bearingi za rola, nayo ni injini imara ambayo mafundi wa mashindano waliipenda kwa miaka mingi. Lakini nguvu zilipoongezeka, mzigo wa cheni nao uliongezeka. Kawasaki waliweka tangi dogo na pampu ya kuilainisha cheni, na wengi wameviondoa au kuviacha vikauke. Kifuniko kifunguliwe hapa pia, kwa uangalifu uleule. Z1 ingeweza kushika nafasi ya kwanza kwa mtu asiye na mapenzi yangu kwa Honda, ila bei yake imepanda kiasi cha kuwa kikwazo, na mashine kutoka Marekani zilizounganishwa kutokana na pikipiki tatu tofauti ni nyingi mno kwa usalama wa mnunuzi mgeni.

Nafasi ya tatu naiweka BMW R90S, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 1973 ikiwa na cc 898 na nguvu za farasi 67. Msomaji makini ataniuliza mbona isiwe ya kwanza, wakati haina cheni kabisa; nguvu hupita ndani ya shafti iliyofungiwa kwenye oili, na hakuna cha kukatika wala kupasua kasha. Ni kweli, na kwa kipimo changu mwenyewe imeshinda. Reg Pridmore alichukua nayo ubingwa wa kwanza wa supabaiki wa Marekani mwaka 1976, na umbo lililochorwa na Hans Muth, pamoja na kinga ndogo ya upepo iliyotoka nayo kiwandani, bado linapendeza. Nimeishusha kwa sababu moyo wangu uko kwenye silinda nne, na kwa sababu baadhi ya wauzaji huigeuza ndugu yake wa kawaida, R90/6, kwa kuivika tangi na kinga ya R90S. Kama unachotaka ni utulivu wa kusafiri kutoka Birmingham hadi Munich bila kuiwazia cheni, nunua hii na usinisikilize. Moto Guzzi V7 Sport ya mwaka 1971, kazi ya mhandisi Lino Tonti, ina shafti vilevile na ni nzuri, ila ni adimu.

Za Uingereza zinastahili heshima. Triumph Trident na BSA Rocket 3, zenye silinda tatu na nguvu za farasi 58, zilitoka mwaka 1968, kabla CB750 haijafika madukani, zikiwa kazi ya Bert Hopwood na Doug Hele. Zingekuja miaka mitatu mapema historia ingekuwa nyingine. Zilikuja na breki za ngoma na bila stata ya umeme, na BSA yenyewe ikaporomoka kifedha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Norton Commando ina jambo moja linalonivutia kwa hoja yangu: sanduku la gia limetenganishwa na injini, hivyo cheni ya nyuma ikikatika huliumiza sanduku hilo, ambalo hubadilishwa bila kugusa injini. Jihadhari tu na injini ya Combat ya mwaka 1972, toleo lililoongezewa nguvu, iliyojulikana kwa kuua bearingi za krenki.

Ducati walishinda mbio za Imola nchini Italia mwezi wa Aprili 1972 kupitia Paul Smart, na tangu hapo bei ya 750 zao za michezo si jambo la mwongozo wa mnunuzi wa kawaida. Kwa mwenye fedha kidogo ipo Suzuki GS750 ya mwaka 1976, na ipo Honda CB500 ya silinda nne. Zote ni nzuri.

Kinachowapa wauzaji ujasiri hapa Uingereza ni sheria. Tangu Mei 2018 chombo kilichotimiza miaka 40 na ambacho hakijabadilishwa sana hakilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka, kwa hiyo mashine inaweza kupita mikono mitano bila mkaguzi kuitazama. Muuzaji wangu alilitaja hilo kama faida. Nilipomwandikia kuhusu kasha alijibu kwamba pikipiki ya miaka 50 huuzwa kama ilivyo, na baada ya hapo hakujibu tena. Unaweza kuomba ukaguzi kwa hiari. Mwambie muuzaji kwamba utalipia wewe, na kwamba unataka ufanyike baada ya kifuniko cha sproketi kufunguliwa mbele yako. Akikataa, rudi stesheni, hata kama umesafiri saa tatu na hata kama mashine ni ile ya kwenye kalenda.

Kasha langu lilisafishwa hadi kwenye chuma kizima na kuchomelewa upya na fundi wa aluminiamu, na namba yake ikabaki. Nimeifunga cheni mpya yenye oringi, baada ya kuhakikisha kwamba upana wake haugusi ukuta, na kila Jumamosi napitisha kidole nyuma ya sproketi kabla sijatoka nayo.