Jembe la plau: la dukani na la springi ya lori, baada ya misimu miwili

Nimelima kwa ng'ombe tangu nikiwa mtoto wa kutangulia mbele ya maksai na kamba mkononi, na kile chuma cha chini kinachopasua udongo, yaani jembe lenyewe la plau, sikuwahi kukiwaza. Msimu ukifika unakaza bolti, unafunga nira, unaingia shamba. Mwaka juzi ndipo chuma hicho kilipoamua kunifundisha adabu.

Kwetu ni Maswa, Simiyu. Shamba langu juu ni luseni, ule mchanga wa mwinukoni, na chini ni mbuga nyeusi, udongo mzito wa mfinyanzi. Luseni inakula chuma kama msasa. Mbuga haina njaa hiyo, ila ikilowa inaganda kwenye plau mpaka unabeba shamba badala ya kulilima. Majembe ninayoyasema hapa yamepita kote kuwili.

La kwanza nililinunua dukani, Novemba, wingu limeshaanza kujikusanya, shilingi 18,000. Lilikuwa jekundu linang'aa, lina karatasi ya nembo, nikajiona nimepata. Kufika nyumbani, matundu yake hayalingani na ya plau. Nikashinda mchana mzima natanua tundu moja kwa tupa. Likafungika, na siku mbili tatu lililima bila shida. Kufikia ekari ya nne ncha ilikuwa imekuwa butu kama kidole gumba. Plau haizami tena, inakwaruza juu juu, na mimi nyuma nimeilalia kwa uzito wangu wote. Kijana anachapa, ng'ombe wamechoka, na wanaolaumiwa ni ng'ombe! Kama plau yako imeanza kuelea hivyo, weka fimbo chini uangalie chuma kwanza.

Niliporudi dukani, muuzaji alinitazama tu: "Mzee, umeshalilimia hilo." Sikuwa na la kujibu.

Jirani akanielekeza kwa mhunzi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akaninyang'anya jembe. Akachukua tupa akapitisha kwenye makali: ikauma, unga wa chuma ukamwagika kama anapara sabuni. Akachukua jembe alilotengeneza yeye, akapitisha tupa ileile. Ikateleza, ikapiga kelele, haikuacha hata mchubuko. "Umeona, mwanangu? Wewe ulinunua rangi."

Akaniambia nilete springi chakavu ya lori. Kazi yake niliitazama mwanzo hadi mwisho. Alikata kipande, akakitia kwenye mkaa, mtoto akavuta mivuo, chuma kikawa chekundu, kikapigwa makali na kukunjwa ncha kidogo kuelekea chini. Mkunjo huo ndio unaoivuta plau izame yenyewe, usiisukume wewe kwa kifua. Mwisho alipasha tena makali, akayachovya kwenye oili chafu, mgongo ukabaki nje ya oili. Mgongo, alisema, usipokuwa laini, jiwe la kwanza tu linalivunja. Nililipa 10,000.

Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka nyumba ya mhunzi kwenye makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba zamani majembe yalihesabiwa kwenye mahari, tena yale ya Balongo, mafundi wa chuma. Leo mahari ni ng'ombe na fedha, lakini jembe halijatoka mdomoni: mtu wa kutegemewa bado tunamwita jembe. Lipo pia kwenye Nembo ya Taifa, limepishana na shoka, na wachezaji wa bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma, bado wanalirusha hewani na kulidaka. Ninachoona ajabu ni kwamba hayo yote ni jembe la mkono. Plau inalima ekari nyingi mno huku kwetu na hakuna anayeicheza ngoma. Labda kwa sababu ni nzito kuirusha.

Turudi kwenye kazi. Jembe la springi halikuwa malaika. Siku ya kwanza lilizama kupita kiasi, plau ikajichimbia, ng'ombe wakasimama wananitazama. Nikashusha mnyororo matundu mawili kwenye kile chuma cha mbele cha kurekebishia kina, ikapungua, lakini ilibidi nilirudishe mhunzi apunguze mkunjo. Kwenye mbuga nalo lilishika tope vibaya, kwa kuwa halikuwa limesuguliwa. Dawa nimeipata: anza na luseni wiki moja, mchanga ulisugue mpaka uone uso wako, ndipo ushuke mbugani. Na jembe la pili alilonitengenezea alilifanya gumu mno. Liligonga jiwe likameguka kona. Alinitengenezea jingine bila kudai hela ya kazi, chuma nikaleta mimi.

Lakini lile la kwanza la mhunzi limemaliza misimu miwili, luseni ileile iliyolitafuna la dukani kwa ekari nne, na limerudi kwa mhunzi mara moja tu kunyooshwa ncha. Ng'ombe wanamaliza asubuhi yao wakiwa na pumzi. Mhunzi nampa nne kati ya tano. Moja nimeibakiza kwa sababu kila jembe linatoka na tabia yake, na mhunzi hana karatasi ya kukuhakikishia chochote.

Sisemi yote ya dukani ni mabaya. Jirani yangu ana moja la dukani linalolima mwaka wa tatu. Ila ukienda kununua, weka tupa ndogo mfukoni na ubebe bolti zako upime matundu palepale. Muuzaji akikasirika ukipitisha tupa kwenye makali, nenda duka la pili.

Langu jekundu sikulitupa. Mke wangu analiegemezea mlango wa banda la kuku, na kwa kazi hiyo hatujawahi kuwa na malalamiko.